Kona ya Besi

Juzi kijana mmoja wa kikundi cha muziki hapa Same mjini alinibandika simu sikioni. "Shikamoo babu. Hebu sikia besi niliyoipiga humu." Nikasikiliza. Nikasikia kinanda, nikasikia mtu analilia mpenzi, nikasikia vitu vinagonga kama sufuria zinazoanguka kabatini. Besi sikuisikia. Yule kijana akanitazama kwa huruma, akapaza sauti: "Babu! Besi ipo chini kabisa!"

Masikio yangu ni mazima, wanangu. Simu ndiyo kiziwi. Spika yake ni ndogo kama punje ya mahindi, haiwezi kubeba mlio ambao mimi nimeubeba mgongoni zaidi ya miaka arobaini. Mmeniomba mara tatu niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi hiyo, na mara zote tatu nimesingizia macho. Leo nimevaa miwani. Nitaandika kama ninavyokumbuka, na kumbukumbu zangu hazijui kupanga foleni.

Nilikuwa mpiga besi, kisha kiongozi, wa Singa Jazz, bendi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge kule chini ya Lembeni. Singa ni zile nyuzi ndefu za mkonge zinazoanikwa juani. Siku za kazi nilikuwa fundi mitambo, Jumamosi na Jumapili mwanamuziki. Tulipiga dansi la mchana, harusi, kipaimara, na sherehe yoyote iliyokuwa na wali. Kazi hiyo imenipa furaha tele na vidole vigumu kama kwato. Kilichonikosesha raha miaka mingi ni kimoja tu, nami nakisema mapema msije mkadhani nakificha. Nilitaka baba yangu anisikie nikipiga, naye alikataa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa kwetu Ugweno, juu kwenye milima ya Upare, na ndiye aliyefundisha tarumbeta za usharika. Mimi nilizaliwa ndani ya tarumbeta, naweza kusema. Nilipopata meno ya utu uzima nilikabidhiwa lile kubwa la besi, linalokuzunguka mwili kama chatu, nikawa napanda nalo vilima hadi mate yakauka. Kosa langu lilikuwa moja: nilikimbia. Wenzangu wako mstari wa pili, mimi nimeshafika wa tatu nawasubiri. Baba aligonga fimbo sakafuni. "Unakimbilia wapi, Eliamini? Umeacha sufuria motoni?"

Nanyi mjue jambo moja kuhusu mwalimu huyo. Hakusifu mtu. Ukipiga vibaya alisema, "Rudia." Ukipiga vibaya tena alisema, "Rudia." Ukipiga vizuri alilamba kidole, akafungua ukurasa unaofuata wa kitabu cha nyimbo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa, na hapakuwa na nyingine. Mimi kuna wimbo mmoja ambao hakuwahi kunifungulia ukurasa wake wa pili. Mwishoni mwa mstari wa tatu kuna noti ndefu ya besi, na kila mara niliikata kabla haijaisha.

Sasa tushuke Lembeni. Nilipoajiriwa shambani kujifunza ufundi, msimamizi wa karakana alikuwa Mtaliano mmoja aitwaye Renzo. Mtu mrefu, mwembamba, kofia ya majani, na Kiswahili alichokiokota mashambani bila kukifuta vumbi. Alikuja kutengeneza korona. Msicheke. Korona lilikuwa jina la mashine ya kuchambua mkonge zamani kabla huo ugonjwa haujazaliwa.

Pamoja naye kwa treni lilikuja kreti refu kuliko mtu. Karani wa stoo alilifungua, akakuta kitu cha mbao chenye kiuno na shingo na nyaya nne nene. Kwa kuwa kreti liliandikwa vipuri, naye akaandika kipuri. Mafundi watatu wazima tulihangaika asubuhi nzima kuizunguka korona tukitafuta kinapoingia. Mmoja aliapa kwamba kinashika mkanda wa upande wa kushoto. Renzo alipokuja kutukuta tumekilaza karibu na grisi, alishika kichwa. "Hii hapana mashine! Hii besi! Hii mke yangu!"

Ndivyo nilivyoijua besi ya kusimama. Na ndivyo nilivyojua kwamba Renzo, kabla ya kuwa fundi wetu, alikuwa mpiga besi wa jazz kwao na kiongozi wa bendi ya watu sita. Alinisimulia wakati wa chakula cha mchana, kidogo kidogo, kiporo baada ya kiporo. Bendi yao ilipiga miaka mingi katika hoteli moja kando ya ziwa. Watu walikula samaki, wao walipiga. Siku moja mwenye hoteli akanunua mashine ya kupiga sahani za muziki, akawaambia wapigaji ahsanteni. Renzo akarudi kwenye spana alizozikimbia ujanani. Nilimuuliza kama ile mashine ilipiga vizuri kuwashinda. Akafikiri. "Mashine kupiga vizuri sana," alisema. "Lakini mashine hapana angalia watu." Neno hilo mliweke karibu na kompyuta zenu, litawafaa.

Akaanzisha bendi pale shambani. Wafanyakazi walitoka kila pembe ya nchi, kwa hiyo vipaji havikuhitaji kutafutwa, vilihitaji kuamshwa tu. Mpiga dramu alikuwa Mapunda, Mngoni mkata mkonge, mtu mwenye mikono ya kuvunja nazi bila jiwe. Mimi nikawa mwanafunzi wa besi, kwa kuwa nilijua noti na nilikuwa na nguvu ya kuibeba.

Vijana huniuliza siri ya besi. Ya kwanza ni kunawa mikono. Msinicheke tena, nisikilizeni. Jumapili moja nilitoka kusafisha korona, mikono imelowa maji ya mkonge. Anayeyajua anajua: yanawasha kuliko upupu. Mimi ngozi yangu ilishazoea, nikasahau, nikaishika besi shingoni na kiunoni nikaipeleka jukwaani. Renzo alipiga ameikumbatia, shavu karibu na shingo yake, mikono mitupu. Wimbo wa pili akaanza kujikuna shavu. Wa tatu, shingo. Wa nne alikuwa anapiga noti moja, anajikuna mara mbili, anapiga noti, na hakuacha mapigo hata mara moja. Watu ukumbini wakadhani ni mtindo mpya. Wakaanza kucheza hivyo hivyo: hatua moja, kujikuna shavu, hatua, kujikuna shingo. Jumapili iliyofuata walikuja hadi vijana wa Kwakoa na baiskeli zao kuona mtindo wa Kujikuna. Tuliupiga miaka miwili. Renzo hakunigombeza, alinitazama viatu tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Hakumkaripia mpigaji mbele za watu. Ukikosea alikuangalia viatu, na wewe mwenyewe ukajua. Mapunda alikuwa akisema kwamba afadhali kiboko. Nilipokuwa kiongozi niliendelea na utaratibu huo, na nawashauri. Mwanamuziki aliyefokewa jukwaani anapiga kwa hasira hadi mwisho, na hasira siku zote iko mbele ya mapigo.

Mengine niliyojifunza kwake nayasema bila mpangilio. Walisheni wapigaji kabla ya dansi, kwa sababu mwenye njaa huimba kwa haraka ili aende kula. Wimbo wa kwanza upigieni wapishi, maana wakicheza wao, hakuna atakayebaki amekaa. Waya ukikatika na dukani hakuna, wa breki ya baiskeli unafaa kwa gitaa, lakini kwa besi ni mwembamba. Sisi tulisokota singa, tukaipaka nta ya nyuki, tukaifunga. Ilidumu nyimbo sita, na kila baada ya wimbo nilikaza kama mtu anayeteka maji kisimani. Na umeme ukikatika msisimame. Gitaa zitanyamaza, lakini dramu na besi ya mbao hazijui umeme ni nini. Harusi moja tulipiga wawili, mimi na Mapunda, karibu saa nzima, na bwana harusi alituambia kwamba ndipo alipofurahi zaidi.

Tuning, yaani kulinganisha milio ya nyaya, mnayoifanya kwa simu siku hizi, sisi tulifanya kwa honi ya kiwanda. Ilipolia saa sita mchana tulikimbilia vyombo, kila mtu akakaza waya wake kufuata honi. Ukichelewa, unasubiri kesho.

Sasa nifike kwenye lililonikosesha sikio la baba.

Renzo aliniambia kuwa najua kuanza noti lakini kuimaliza sijui. "Wewe kufungua mlango, hapana funga," alisema. Akanipa zoezi: shika noti ya chini kabisa, ndefu, hadi iishe yenyewe, halafu nyamaza, halafu tena. Mara tatu. Kwa kuwa besi yake sikuweza kuipandisha Ugweno, nilipokwenda nyumbani likizo nilichukua tarumbeta kubwa la kanisa, nikatoka nalo alfajiri hadi ukingoni mwa mlima ili nisiwasumbue watu. Nikapiga noti ya kwanza, ndefu. Nikapumzika. Nikapiga ya pili. Nikapumzika. Ya tatu niliivuta mpaka nikaona nyota.

Wapare wenzangu mmeshajua. Enyi wengine, nawaeleza: kwetu kazi ya pamoja inaitwa msaragambo. Kuchimba mfereji, kutengeneza barabara, kujenga shule, wote mnatoka. Na mnaitwa kwa pembe. Inalia mara tatu, ndefu, kutoka ukingoni mwa mlima.

Nilipogeuka nilikuta mama mmoja jirani yetu amesimama nyuma yangu na jembe. Nyuma yake wanawe, na majembe. Kwenye njia ya migombani watu wanashuka, wengine wanapanda, panga, sururu, ndoo, hata mzee mmoja aliyekuwa amesamehewa kazi kwa sababu ya mgongo. Vitongoji viwili vizima.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Kazi iko wapi?"

"Hakuna kazi, mama. Nilikuwa nafanya mazoezi."

Akaniangalia, akaliangalia tarumbeta, akawageukia watu. "Anasema alikuwa anafanya mazoezi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti wa kijiji akafika anahema, anataka kujua nani kampora madaraka. Lakini kwetu mtu akishatoka na jembe begani, kurudi nalo likiwa safi ni aibu kuliko uchovu. Wakaulizana kazi gani ifanyike. Mtu akakumbuka ile kona mbaya chini ya kanisa, ambako kila masika gari hukwama. Basi wakaenda wakaikata, wakaipanua, wakaijengea mawe, na mimi nikiwa wa kwanza kwenye sururu. Ikamalizika alasiri. Hadi leo inaitwa Kona ya Besi, na bodaboda wanaopunguza mwendo pale hawajui kwamba wanapunguza kwa ajili yangu.

Wote walicheka isipokuwa baba. Jioni, mbele ya wazee wenzake, aliniuliza ni mazoezi ya wimbo gani. Ningeweza kudanganya. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, nikayaoga. Nikasema ni mazoezi ya jazz, ya dansi, kule shambani.

Alilichukua tarumbeta mikononi mwangu taratibu, akalifuta kwa kitambaa, kana kwamba nililimwagia kitu. "Chombo hiki usikiguse tena," alisema. "Na huo muziki wako nisiusikie masikioni mwangu maisha yangu yote."

Hakunifukuza nyumbani. Nilikwenda, nilikula, aliniuliza habari za korona na bei ya kahawa na nani kaoa. Habari za bendi hakuuliza hata siku moja. Dada yangu Nakijwa, aliyekaa naye, alijaribu mara moja kumweleza jinsi tulivyopiga harusi ya binti wa mchungaji, naye akaanza kuzungumzia migomba iliyoangushwa na upepo. Mimi nilikuwa nikiacha besi Lembeni, napanda mikono mitupu. Iliniuma, wanangu, na sina haja ya kuipamba. Watu elfu wanakupigia makofi, wewe unamtafuta mmoja ambaye hayupo.

Mkataba wa Renzo ulipokwisha alitukusanya, akatutazama viatu mmoja mmoja kwa utani, kisha akaniita kando. Akasema besi haondoki nayo. Mbao zake zilishazoea joto la Lembeni, zilipasuka mara mbili na mara mbili nikaziba kwa gundi, na akizirudisha kwenye baridi ya kwao zitafunguka kama ganda la karanga. Nadhani kulikuwa na ukweli nusu hapo, na nusu nyingine ni mapenzi. Nililia mbele za watu wote. Mapunda pia alilia, ingawa alisema ni vumbi. Mwaka uliofuata ilikuja barua: amenunua besi nyingine, amekusanya wazee wenzake watatu, wanapiga kila Alhamisi katika chumba kidogo ambako hakuna mtu anayekula samaki.

Nikaiongoza Singa Jazz hadi shamba lilipopunguza watu na bendi ikapungua nalo. Nikaendelea na vijana wengine hapa Same hadi mgongo uliponiambia basi. Siku niliyostaafu nilikuwa na hamu moja, kumpelekea baba taarifa, nikiwa na chombo changu cha kazi kama fundi yeyote anayerudi nyumbani. Baba alikuwa na miaka tisini na kitu. Masikio yalikuwa yamekwisha kabisa. Nakijwa alizungumza naye kwa kumwandikia kwenye daftari, herufi kubwa kama za bango.

Nikakodi pikapu, nikafunga besi kwa blanketi mbili. Ilikuwa masika. Mnadhani tulikwama wapi? Kona ya Besi. Ilikuwa imechoka, haijaona msaragambo siku nyingi. Bodaboda wanne wakaegesha pikipiki zao, wakaibeba besi mabegani.

"Babu, hili gitaa linakula nini?" mmoja akauliza, anahema.

"Linakula vijana wanaoliita gitaa."

Baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, kitabu cha nyimbo za tarumbeta magotini. Alikuwa akisoma noti kwa kidole kila siku, Nakijwa aliniambia, ukurasa kwa ukurasa. Nakijwa akamwandikia: ELIAMINI AMESTAAFU. AMEKUJA NA BESI YAKE. IKO NJE.

Akasoma. Akageuka kutazama mvua mlangoni.

"Mbao haiachwi mvuani," alisema. "Iingize."

Nikaiingiza, nikaifungua blanketi. Akanyoosha mkono, akaipapasa kama anavyopapasa ng'ombe wa kununua. Kidole chake kikakuta pale nilipoziba ufa.

"Nani kaziba hapa?"

Nikajigonga kifua. Akapitisha ukucha kwenye gundi, akatikisa kichwa kidogo. Halafu akabandika kiganja chake chote kwenye tumbo la besi.

"Piga," akasema.

Nikachukua daftari, nikaandika: BABA, ULISEMA HUTAKI.

Akasoma, akanitazama kwa yale macho ya baraza la wazee. "Nilisema masikio," alisema. "Mkono sikuutaja."

Nakijwa akageukia dirishani. Mimi nilikuwa nimepiga mbele ya viongozi, mbele ya walevi, mbele ya mama mkwe, sikuwahi kuogopa namna ile. Sikupiga dansi. Nilipiga ule wimbo wetu wa zamani, sehemu ya besi peke yake, tangu mwanzo. Kiganja chake hakikutikisika. Mstari wa kwanza. Wa pili. Mwishoni mwa wa tatu nikaifikia ile noti ndefu, nikaivuta, nikaisubiri. Sikuwa na pa kwenda. Niliiacha iishe yenyewe, hadi mbao zikatulia chini ya mkono wake.

Akaacha mkono pale muda kidogo, kama anayehakikisha. Kisha akauondoa. Nikashusha macho sakafuni, nikangoja aseme "Rudia."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa unaofuata.